Nyota moja au mbili? Jibu kwa mwalimu anayeitafuta pacha ya Alpha Centauri

*"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari huku Lindi. Nimesoma kwamba Alpha Centauri, nyota iliyo jirani kabisa na Jua letu, ni nyota mbili zinazozungukana, na kwamba inaonekana kwa macho matupu. Nikatoka nje usiku na wanafunzi wa bweni, tukaona nyota mbili kali pembeni ya Msalaba wa Kusini, nikawaambia ndizo hizo. Mwalimu mwenzangu akabisha, akasema Alpha Centauri ni moja tu kati ya zile mbili. Nikaazima darubini ya macho mawili, 10×50, nikazitazama kwa zamu: kila moja ni moja. Kijana mmoja wa kidato cha tatu naye anaapa kwamba anaiona ikiwa mbili bila darubini yoyote. Nani yuko sahihi? Nina miaka 47. Je, ni macho yangu yameanza kuchoka, au darubini ni feki? Na kama kweli zinazungukana, mbona hazijagongana hadi leo? Mwisho, shule inataka kununua darubini, na kuna muuzaji anatusifia moja inayokuza mara 675. Tuichukue?"*

Mwalimu, kazi ni nzuri, na pole na majukumu. Nitoe hukumu kwanza, maelezo yafuate. Mwenzako yuko sahihi. Darubini uliyoazima huenda haina kosa lolote, na katika uliyoyaeleza sijaona sababu ya kuyatilia shaka macho yako. Anayenipa wasiwasi kidogo ni yule kijana. Kuhusu hiyo ya mara 675, pesa za shule zikae kwanza.

Tuzitazame zile mbili ulizowaonyesha wanafunzi. Katikati ya Juni, mnamo saa tatu usiku, ukielekea kusini utauona Msalaba mkono wako wa kulia, na kushoto kwake nyota mbili kali zilizojipanga kana kwamba zinaunyooshea kidole. Iliyo mbali zaidi na Msalaba, yenye umanjano kidogo, ndiyo Alpha Centauri, ambayo kwa Kiswahili huitwa pia Rijili Kantori. Iliyo karibu na Msalaba, nyeupe inayoelekea ubuluu, ni Beta Centauri, jina lake jingine Hadar. Hapo Lindi Alpha Centauri hupanda hadi kama nyuzi 39 juu ya upeo wa macho, yaani ngumi nne za mkono ulionyooshwa. Nairobi hufika nyuzi 30 hivi. Ndugu zetu walioko Muscat huiona kwa muda mfupi tu ikiambaa na upeo wa kusini, nyuzi 5 au 6, na London haichomozi kabisa.

Kati ya Alpha na Beta kuna zaidi kidogo ya nyuzi 4 za anga. Kwa macho ni majirani. Lakini mwanga wa Alpha hutumia miaka 4.4 kutufikia, na ule wa Hadar hutumia kama miaka 390. Moja iko mbali karibu mara tisini kuliko nyingine, na hakuna uhusiano wowote kati yao zaidi ya kuwa upande mmoja wa anga tunapozitazama kutoka hapa tulipo. Wewe uko Lindi, kwa hiyo usiku usio na mbalamwezi umeshaziona karabai za wavuvi baharini: mbili zinaonekana zimekaa ubavu kwa ubavu, kumbe chombo kimoja kiko karibu na pwani na kingine kiko mbali nyuma yake. Na kinyume chake kinawezekana pia. Taa mbili zilizotundikwa kwenye ngalawa moja, ikishakuwa mbali vya kutosha, jicho huziona kama taa moja. Alpha na Beta ni hali ya kwanza. Alpha yenyewe ni hali ya pili.

Hilo ndilo kosa linalowapata wengi, si wewe peke yako. Watu husikia "nyota mbili" wakatafuta mbili zilizokaribiana, wakati kuonekana pamoja na kuwa pamoja ni mambo mawili tofauti. Hata Hadar unayoiona kama nukta moja ni nyota tatu: mbili nzito zinazozungukana kwa karibu mwaka mmoja, na ya tatu hafifu zaidi kando yao. Alpha Centauri nayo, ukiihesabu na Proxima nitakayoitaja mbele, ni tatu. Kwa hiyo usiku ule wewe na wanafunzi wako mlikuwa mnatazama familia mbili zenye jumla ya nyota sita. Mlichokosea ni mpangilio tu.

Sasa, mbona darubini haikukuonyesha kitu? Wengi hudhani nyota ikiwa kali sana na ikiwa karibu na sisi, basi ni rahisi kuitenganisha. Ukali hausaidii, mara nyingi unaharibu. Kinachoamua ni pembe, yaani nafasi kati ya nyota hizo mbili jinsi inavyopimwa angani. Uzi mmoja tunaugawa dakika 60 za tao, na kila dakika tunaigawa sekunde 60 za tao. Upana wa Mwezi mpevu ni kama dakika 30. Jicho zima la binadamu, katika mazingira mazuri, hutenganisha vitu vilivyoachana kama dakika 1 hivi, yaani sehemu ya thelathini ya upana wa Mwezi. Nyota mbili za Alpha Centauri, zinazoitwa A na B, miaka hii zimeachana kwa sekunde 9 au 10 tu. Hiyo ni kama sehemu ya mia na themanini ya upana wa Mwezi. Ukipenda kuirudisha kwenye ngalawa yetu, ni taa mbili zilizoachana mita moja, nawe unazitazama kutoka umbali wa kilomita 20. (Najua kwa umbali huo mviringo wa Dunia ungeshaificha ngalawa, wewe ni mwalimu wa fizikia, nisamehe.)

Utaniuliza: darubini yangu inakuza mara 10, sekunde 10 zikawa 100, na hizo zimevuka 60, mbona bado moja? Swali zuri, na jibu lake halipo kwenye hesabu hiyo rahisi. Ile dakika 1 ni kipimo cha herufi nyeusi kwenye karatasi nyeupe, mchana. Usiku mboni ya jicho imefunguka, na jicho likifunguka hivyo kasoro zake zote hujitokeza: nyota kali haionekani kama nukta bali kama doa lenye miale. Kwa nyota kali, jicho la kawaida huhitaji dakika 2 hadi 4 ndipo litenganishe kwa uhakika. Tena A inang'aa kama mara tatu na nusu kuliko B, kwa hiyo mwanga wake unammeza mwenzake. Ongeza na mikono: hakuna anayeweza kuishika darubini ya mara 10 ikatulia, na kila mpigo wa moyo unazitikisa nyota zaidi ya hizo sekunde 10. Darubini yako imefika ukingoni mwa uwezo wake, basi.

Hata hivyo ikague, maana hizi za bei nafuu zina ugonjwa wao. Itazame nyota yoyote, kisha ziba lenzi moja ya mbele kwa kiganja. Kama nyota ilikuwa mbili ukiwa umefungua zote na ikawa moja ulipoziba, mirija ya darubini haielekei mahali pamoja, na hiyo hukupa kichwa kuuma ndani ya dakika chache. Usiifungue mwenyewe kwa bisibisi. Irudishe kwa mwenyewe, aipeleke kwa fundi anayejua vyombo vya lenzi.

Kipimo cha haki cha macho yako na darubini yako kipo, tena kiko juu ya utosi wenu saa ile ile. Laleni chali kwenye mkeka mtafute nyota ya Zubenelgenubi katika kundi la Mizani, karibu katikati ya Spica na Antares, ile nyekundu iliyo kwenye kifua cha Nge. Hiyo nayo ni nyota mbili, zilizoachana karibu dakika 4 za tao, nazo husafiri pamoja angani, umbali wa miaka nuru 75 hivi kutoka hapa (mwaka nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja). Kwa 10×50 utaziona mbili bila kubahatisha, moja kali na moja hafifu pembeni yake. Kwa macho matupu wachache wenye macho makali huzitenganisha, na wengi hushindwa bila kuwa na tatizo lolote. Mkigeuka kaskazini, chini kabisa, tafuteni mkia wa Dubu Mkubwa. Nyota ya katikati ya mkia huo ni Mizar, na kando yake, kwa umbali wa dakika 12, kuna nyota ndogo ya Alcor, ambayo Waarabu waliiita Suha na kuitumia kupima macho. Wana na methali yao: namwonyesha Suha, yeye ananionyesha Mwezi. Ukiiona Alcor mahali penye giza, macho yako ya miaka 47 hayana deni na mtu. Kama hukuiona, kabla ya kukata tamaa hakikisha upeo wa kaskazini hauna taa wala unyevunyevu, maana kutoka Lindi nyota hizo hazipandi zaidi ya nyuzi 25.

Turudi kwa kijana wa kidato cha tatu. Sekunde 10 kwa macho matupu haiwezekani. Si suala la kipaji. Kwa hiyo yapo mambo matatu. Huenda alikuwa anatazama Alpha na Beta kama ulivyomwelekeza, na hapo kosa si lake. Huenda anataka kukufurahisha. Au kweli anaona mbili, na hilo tulichukulie kwa uzito. Siku nyingine, bila kumtajia ni nyota gani, mwonyeshe Antares, kisha Spica, kisha taa ya mbali barabarani, umuulize anaona ngapi. Akisema kila moja ina kivuli chake pembeni, mwambie afunike jicho moja, kisha jingine.

Kama picha inabaki kuwa mbili hata kwa jicho moja, kwa kawaida shida iko kwenye jicho hilo lenyewe: konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, ambayo haikuviringika sawasawa, au lenzi iliyoanza ukungu. Kwa umri wake mara nyingi ni ile ya kwanza, na miwani hurekebisha. Mtoto wa namna hiyo hata ubaoni anasoma kwa taabu na huenda hajamwambia mtu, kwa kuwa anadhani kila mtu anaona hivyo. Apelekwe kliniki ya macho ya hospitali ya mkoa apimwe. Mimi kwa barua siwezi kumpima. Kama picha mbili zinakuja tu akifungua macho yote na zinatoweka akifunika lolote kati yao, macho hayaelekei sehemu moja. Hilo pia ni la daktari, na likiwa limeanza ghafla, au limeambatana na maumivu makali ya kichwa, kope kushuka au udhaifu wa mkono au mguu, asisubiri wiki ijayo. Aende hospitali siku hiyo hiyo. Hata wewe mwalimu, ukianza kuona taa za usiku zimezungukwa na miduara au zimejizidisha, umri wako ni wa kwenda kuangaliwa.

Sasa swali nililolipenda kuliko yote: mbona hazigongani?

Kwa sababu ile ile inayofanya Mwezi usituangukie. Nguvu ya mvutano inazivuta A na B, ndiyo, lakini kila moja ina mwendo wa kwenda kando, na huo mwendo hauna kitu cha kuupunguza huko angani. Kinachotokea ni kwamba kila moja inaanguka kuelekea mwenzake na kumkosa, daima. Mtu akiwaambia wanafunzi kwamba B inaizunguka A, msahihisheni kidogo: zote mbili huzunguka kitovu kimoja kilicho kati yao. Masi ya A ni kama mara 1.08 ya Jua na ya B kama mara 0.91, kwa hiyo kitovu kimesogea upande wa A kidogo tu. Mzunguko mmoja huchukua miaka 79.9. Njia yenyewe ni yai refu, si duara: zikikaribiana kabisa, kati yao kuna mara 11.2 ya umbali wa Dunia na Jua, mbali kupita Zohali ilivyo kutoka kwenye Jua; zikiachana kabisa, mara 35.6, kupita Neptuni. Hazijawahi kufika mahali pa kugusana. Umri wa mfumo huu unakadiriwa kuwa zaidi ya miaka bilioni 5, kwa hiyo zimeshapishana hivyo zaidi ya mara milioni 60.

Na hapa nakupa kipindi kizima cha darasani. Chukua umbali wa chini na wa juu, 11.2 na 35.6, ujumlishe na kugawa kwa mbili: 23.4. Zidisha 23.4 × 23.4 × 23.4, utapata karibu 12,813. Kisha zidisha 79.9 kwa 79.9, utapata 6,384. Gawanya ya kwanza kwa ya pili: 2.007. Hiyo ndiyo jumla ya masi za nyota zote mbili kwa kipimo cha Jua. Linganisha na 1.08 jumlisha 0.91, ni 1.99. Ni kanuni ya tatu ya Kepler, ile ile mnayoifundisha kwa sayari, nayo imepima uzito wa nyota ambazo hakuna aliyewahi kuzifikia. Ndiyo maana sisi tunazipenda nyota maradufu kupita zote. Nyota iliyo peke yake unaweza kuipima joto, rangi na mwanga, lakini masi yake utaishia kuikadiria kwa kuilinganisha na wengine. Mbili zikizungukana, zinajipima zenyewe mbele yako. Takwimu nyingi tunazozitaja kuhusu masi za nyota, ukizifuatilia hadi mzizi, utakuta jozi kama hizi.

Kuna jambo moja litakalowachanganya wanafunzi, afadhali mlijue mapema. Mara ya mwisho A na B kuwa mbali kabisa ilikuwa 1995, na zitakaribiana kabisa mwaka 2035. Kwa hiyo wakati huu ziko katika kusogeleana. Lakini tukizitazama kutoka Duniani, mwaka 2016 zilionekana zimebanana kwa sekunde 4 tu, na tangu hapo zinaonekana zikiachana, hadi zitakapofika sekunde 10 na kidogo karibu na mwaka 2029. Zinasogeleana huku zinaonekana kuachana! Sababu ni kwamba njia yao tunaiona kwa ubavu, imelala mno. Nyota moja ikiwa karibu mbele au nyuma ya mwenzake, sisi tunaona nafasi ndogo hata kama umbali halisi kati yao ni mkubwa. Chora yai kwenye kadibodi, ilaze karibu kabisa na usawa wa macho, kila mwanafunzi atalielewa bila maneno mengi. Baada ya 2029 nafasi itaanza kupungua tena, na mwishoni mwa muongo wa 2030 itakuwa chini ya sekunde 2. Kwa hiyo miaka hii ndiyo mizuri ya kuzitazama.

Wa kwanza kurekodi kwamba ni mbili alikuwa padri Mjesuiti, Jean Richaud, Desemba 1689, akiwa Pondicherry nchini India. Hakuwa akiitafuta, alikuwa anafuatilia nyota yenye mkia iliyopita upande huo. Tangu siku hiyo hadi leo A na B zimezungukana mara nne na kidogo tu. Umbali wa Alpha Centauri ulipimwa kutoka bara letu hili, na Thomas Henderson aliyefanya kazi Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1832 na 1833. Bahati mbaya hakuziamini namba zake haraka, akazitoa 1839, wakati Friedrich Bessel alikuwa ameshatangaza umbali wa nyota nyingine mwaka 1838 na kuchukua sifa ya kuwa wa kwanza. Na nyota ya tatu, Proxima, iligunduliwa Johannesburg na Robert Innes mwaka 1915. Hii ni kibete chekundu, yaani nyota ndogo yenye wekundu, hafifu mno kuonekana kwa macho matupu, iko zaidi ya nyuzi 2 kutoka kwa A na B, na huzizunguka kwa muda wa miaka laki tano na zaidi. Hiyo, umbali wa miaka nuru 4.24, ndiyo hasa jirani yetu wa karibu kuliko wote. Kwa hiyo unaposema Alpha Centauri ndiyo nyota jirani kabisa, usemi huo ni sahihi kwa familia nzima, si kwa A na B.

Hukuuliza kuhusu sayari, lakini wanafunzi watauliza. Proxima inayo moja iliyotangazwa Agosti 2016, inayoizunguka kwa siku 11.2. Kwa B, sayari iliyotangazwa 2012 ilikuja kukanushwa baadaye. Kwa A, darubini ya angani ya James Webb imeona dalili ya sayari kubwa ya gesi, taarifa zake zilitoka Agosti 2025, ila bado haijathibitishwa. Wakitaka kujua jua mbili zingekuwaje, wape hesabu: kwa mtu aliye karibu na A, B isingekuwa jua la pili la kuchoma. Inatoa nusu ya mwanga wa Jua na iko mbali, kwa hiyo ingemwangazia kama miezi mipevu 160 hivi ikiwa mbali, na kama 1,600 ikikaribia. Nusu ya mwaka angekosa giza la kweli usiku, lakini mavazi angeyaanika kwa jua la A.

Tumalizie na ununuzi. Hakuna darubini ndogo inayokuza mara 675 ikakupa picha. Kiwango cha juu cha maana ni kama mara 2 kwa kila milimita ya upana wa lenzi ya mbele. Ya milimita 60 huishia mara 120, na hapo tayari hewa inakuchezea. Namba kubwa kwenye boksi hupatikana kwa kurundika vilenzi vidogo, na mnachopata ni doa kubwa la ukungu linalotetemeka. Muulize muuzaji maswali mawili: lenzi au kioo kina upana wa milimita ngapi, na ile miguu mitatu ni ya chuma kinachokaa imara au ni ya kuyumba ukiigusa. Akikwepa la pili, ondokeni.

Kwa kazi hii moja ya kuzitenganisha A na B, darubini ya lenzi ya milimita 60 au 70 inatosha kabisa. Kinadharia milimita 60 hutenganisha hadi sekunde 2. Faida yake ni nyepesi, wanafunzi hawaiharibu kirahisi, haihitaji kurekebishwa vioo. Ya kioo, milimita 114 hadi 130, itawapa zaidi kwenye Zohali, Mshtarii na mawingu ya nyota, ila inadai mtu wa kuipanga vioo mara kwa mara, na unyevu wa chumvi wa pwani utavila vioo hivyo msipoihifadhi pakavu. Kama hakuna mwalimu mmoja atakayeibeba kazi hiyo, ningechukua ya lenzi. Kama bajeti bado, nunueni stendi tu, mfunge hiyo 10×50 iliyotulia, na mwanze na Zubenelgenubi. Kwa A na B itabaki bahati nasibu. Ikiwezekana, kabla ya kulipa, wasilianeni na idara ya fizikia ya chuo kikuu chochote mnachoweza kukifikia mwombe kutazama kupitia darubini yao usiku mmoja. Jicho likishaona, hamtadanganywa dukani.

Mkiipata yenye urefu wa fokasi milimita 700, anzeni na kilenzi cha jicho cha milimita 25, ambacho hukuza mara 28, muiweke Alpha Centauri katikati. Pengine mtaona kama nyota ina kinundu upande mmoja. Kisha badilisheni kilenzi cha milimita 10, mara 70, mfokasi taratibu, mngoje hewa itulie sekunde chache. Mtaona mbili za manjano, ya pili ikiwa imekoza rangi kidogo kuelekea machungwa, na weusi mwembamba kati yao. Ifanyeni saa mbili hadi saa nne usiku, Juni au Julai, nyota ikiwa juu kabisa kusini. Mchana darubini ifungiwe kabatini na ufunguo ukae kwako, maana mwanafunzi mmoja akiielekeza kwenye Jua mara moja tu, jicho lake halirudi.